Kamera Zilizotazama Ndani

Muuzaji aliapa mara tatu kwamba kamera hizo hazina waya. "Sans fil, mademoiselle. Sans fil kabisa, hata uzi wa kushonea hautauona." Nilizileta nyumbani nyuma ya toleka, zile baiskeli za abiria za Kisangani, nikiwa nimekumbatia maboksi kama mtu anayerudi na mtoto mchanga kutoka maternité. Nilipoyafungua juu ya meza ya tantine, nyaya zilimwagika: tatu ndefu za panneau za jua, tatu fupi za kuchajia, moja ya kifaa cha intaneti, moja ya kuunganisha kifaa hicho na betri, na moja nyeupe ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini. Tantine alisimama na mwiko wa lituma mkononi, ndizi zilizopondwa zikidondoka sakafuni, akazitazama.

"Hizi ndizo za bila waya?"

"Ndiyo, tantine."

"Zingekuwa za waya tungelala wapi?"

Niseme mapema kwamba sikusomea kamera. Nilisomea magonjwa ya mihogo. Nilikaa miezi sita kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi nikihesabu madoa kwenye majani, nikarudi Kisangani na mémoire ya kuhitimu yenye kurasa nyingi ambayo watu watatu waliisoma, wawili kwa kulazimishwa na kazi yao. Kisha nikakaa nyumbani. Lakini kwa tonton, mdogo wake baba na mume wa tantine, diplome ilikuwa diplome. Mtu aliyesoma alipaswa kukijua chochote kilichokuja na kijitabu cha maelezo. Niliwahi kutengeneza jiko lake la gesi, kutafsiri barua ya ushuru, na kumweleza dawa ya jicho la mbuzi. Yote niliyafanya vibaya, na yote yalipokelewa kwa heshima.

Wakati huo vita vya mashariki vilikuwa vimefika mahali ambapo watu hawakuuliza tena vitaisha lini. Wazazi wangu walikuwa wamebaki kijijini Kivu Kaskazini, na simu yao ilipatikana kwa bahati. Mimi niliishi kwa tonton, katika mtaa wa Kabondo, Kisangani, tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa jumla, maharagwe na sabuni na mafuta, na alikuwa amepanda Butembo kuchukua mzigo kama alivyofanya kila mwaka. Safari hii barabara ikafungwa nyuma yake. Malori yakakaa, madereva wakapika kando ya njia, wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Huko Butembo mwenzake mmoja wa biashara akamwonyesha simu: ndani yake, kupitia kamera, kulikuwa na nyumba ya mwenzake huyo huko Bunia, kuku wake, mke wake akipita na ndoo. Tonton alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Ninataka nione nyumba yangu sawa vile niko barzani. Weye ndiye utachagua. Uchague muzuri, unasikia? Ukifaulu hii, nikirudi unaingia depot, unashika mafaktira yote."

Kazi ya depot, yaani ghala lake na ankara zake, ndiyo kazi pekee niliyokuwa nimeahidiwa tangu nimalize masomo. Kwa hiyo nilichagua kwa wiki tatu.

Ninaona aibu nikikumbuka wiki hizo. Nilichora jedwali la safu kumi na moja. Nilitazama video za wanaume wenye ndevu zilizochongwa, wamesimama mbele ya nyumba zisizo na ukuta wala ndizi wala mtu anayepita, wakisema kamera hii ni bora kwa kuona kulungu bustanini. Nilizunguka maduka ya katikati ya mji na kila muuzaji alikuwa mtaalamu tangu jana. Mmoja aliniambia kamera yake inaona kilomita mbili; nilipouliza inaona nini ikiwa kuna ukuta mita sita mbele yake, akasema inategemea ukuta. Mwingine alitaka kuniuzia moja yenye umbo la glopu ya taa, nzuri sana, ambayo ingefanya kazi kila siku ambayo umeme upo. Nikamwuliza siku hizo ni zipi. Akacheka, mimi sikucheka, nikaandika kwenye jedwali.

Ya glopu nikaifuta kwa sababu ya umeme. Zile za laini ya simu nikazifuta kwa sababu zinakula mega za intaneti kama nzige. Nikabaki na za panneau ya jua zinazotumia intaneti ya nyumba, na nikajisifu moyoni, maana jua halina kampuni na halikati bila taarifa. Nilipima umbali kutoka chumba cha tantine, ambako kifaa cha intaneti kingekaa, hadi mlango mkubwa wa ua. Nilihesabu kuta. Niliwaza juu ya mabati, juu ya radi, juu ya wezi wanaoiba kamera zenyewe, juu ya nyuki. Nilifikiria kila kitu isipokuwa mti wa safu.

Mti huo wa matunda ya zambarau ulisimama karibu na mlango. Tonton aliupanda mwaka aliponunua kiwanja, na hakuna aliyeruhusiwa kuukata hata kijitawi. Wageni kutoka Kivu walipelekwa kuuona kabla ya kupewa maji. Kamera ya mlangoni nilipaswa kuiweka kwenye nguzo iliyo chini yake, kwa sababu waya wa panneau, pamoja na urefu wake, haukufika kwingine na ukuta wa upande wa pili ulikuwa wa jirani.

Nilipanda ngazi siku ya Jumanne asubuhi. Kisima chetu kilikuwa wazi kwa avenyu nzima, hiyo ndiyo ilikuwa desturi tangu tonton afike, kwa hiyo wanawake sita walikuwa wamesimama na bidoni zao wakinitazama.

"Mademoiselle, unatega ndege?"

"Anatafuta réseau ya bwana!"

"Mwacheni, iko na diplome. Akianguka, inaanguka na diplome."

Kamera ilitaka ioneshwe mchoro wa miraba uliokuwa kwenye simu yangu. Nilisimama juu ya ngazi nimenyoosha mkono, simu mbele ya jicho lile jeusi, sogeza mbele, rudisha nyuma, kama mtu anayeonyesha karte ya uchaguzi kwenye barrière ambayo mwanajeshi wake hajui kusoma. Dakika ishirini. Ndani ya kamera mwanamke fulani aliongea Kichina kwa uvumilivu. Chini yangu mtu mmoja tu hakucheka, yule aliyeshika ngazi.

Huyo alikuwa mlinzi wetu, sentineli. Tulimwita Vieux, yaani Mzee, kwa heshima. Ujanani alilinda ghala la mbegu Yangambi, na nilipomwambia kwamba nami nimekaa huko alinitendea tangu siku hiyo kama mtu wa kikosi chake. Baadaye alijenga ng'ambo ya mto, upande wa kushoto. Watu wa huko walipoanza kuchomeana nyumba, yake iliungua siku ya pili. Alivuka kwa mtumbwi na mke wake na koti moja la vifungo vya shaba. Mke alikufa mwaka uliofuata. Lile koti na chumba kidogo cha matofali kando ya mlango wetu ndivyo vilivyobaki kuwa maisha yake. Hakuwa na mahali pengine popote, na hilo tulilijua sote nyumbani.

"Huyu atanisaidia?" aliniuliza, akitazama kamera.

"Ndiyo, papa. Mtakuwa wawili."

Nilisema hivyo kweli.

Siku mbili baadaye akaja chef wa avenyu, mtu mpole mwenye daftari chini ya kwapa. Alikunywa maji, akasifu mti wa safu, kisha akasema watu wanauliza. Kamera ile ya mlangoni inaona barabara. Picha zinakwenda wapi? Butembo. Na Butembo iko wapi? Mashariki. Na mashariki kuna nini?

"Kuna mume wangu," tantine akasema.

"Mimi ninajua, mama. Lakini watu iko na mudomo."

Sisi tulikuwa watu wa Kivu. Miaka ile, mtu wa Kivu mwenye kamera inayotazama barabara alihitaji jirani mmoja tu mwenye kinyongo ili aitwe mpelelezi. Chef hakutulazimisha. Alituomba tu, kwa upole ule unaokunyima usingizi. Mchana huohuo nilipanda tena ngazi, wanawake wakanishangilia tena, nikageuza kamera zote tatu zitazame ndani ya ua wetu. Kwa hiyo mitambo tuliyonunua ili kuwaona wezi ilianza kutuona sisi, na wezi, kama walikuwepo, walibaki upande wa barabara bila usumbufu wowote.

Tonton hakujali. Alikuwa amepata sinema.

Alipiga simu saa moja asubuhi: nani ameacha ufagio katikati ya ua? Alipiga saa nne: bata wamekuwa wangapi, mbona anahesabu saba? Alipiga saa tano: nani amekaa kwenye kiti changu? Aliyekaa alikuwa tantine, akichambua mchele kwenye kiti alichokalia kila siku ambayo mumewe hakuwepo. Kila kitu kilichotikisika kilituma taarifa kwenye simu yake: mjusi, jani, kitenge kwenye kamba. Kamera ilitangaza kitenge cha tantine kuwa mtu. Tonton alituma picha ya kitenge hicho Jumapili wakati wa misa, akiuliza mwanamume huyu wa maua mekundu ni nani.

"Mwambie mume wangu," tantine alisema, "mimi si filme yake." Kuanzia hapo alianika nguo zake zote mbele ya kamera ya barza, hata zile zilizokauka, na mwenyewe akahamia nyuma ya jiko, kati ya gunia la makaa na bata. Pale hapakuwa na kamera. Ndani ya wiki mbili wageni walipokelewa pale, simu zilipigwa pale, mihogo ilimenywa pale. Ua wetu mpana, uliofagiwa vizuri, ulibaki mtupu kama uwanja wa kesi.

Mimi nilichofanya ni kuzima sauti. Kamera zilikuwa na maikrofoni, na hata spika ndogo ya kujibu, na nilijiuliza siku nne kama ni haki mazungumzo ya wanawake wa kisimani yafike Butembo. Niliandika sababu za ndiyo na sababu za hapana. Mwishowe nikaizima kwa sababu inakula mega, kisha nikajiambia nimeizima kwa sababu ya haki.

Halafu tonton akamwona Vieux.

"Muzee iko analala," aliniambia kwenye simu. "Saa tatu analala. Saa sita ninaangalia, analala. Saa nane, mukeka hapo hapo, mudomo wazi. Ninamulipa mutu alale?"

Nilikuwa nimesimama chini ya mti wa safu. Nilimtazama Vieux kwenye mkeka wake mbele ya chumba chake, amejifunika uso kwa koti. Bila shaka alikuwa amelala. Alikuwa amekesha. Hiyo ndiyo kazi ya sentineli: anafunga mlango jioni, anazunguka ua hadi alfajiri, anafungulia wa kwanza anayekuja kuchota maji, kisha analala. Hata mtoto wa Kabondo anajua. Tonton pia alijua, miaka yote aliyokuwa nyumbani, na hakujali, kwa sababu mchana alikuwa depot na hakumwona mzee akilala, na jioni alirudi akamkuta amesimama. Ila sasa alikuwa na ushahidi.

Na usiku? Usiku tonton hakuona kitu: kamera ya barza iliona nguo za tantine tu, na ya tatu iliona ukuta. Na ya mlangoni ilikuwa imezimika; hilo ndilo nililolijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani. Chini ya mti wa safu panneau ilipata jua la saa mbili tu kwa siku, na msimu wa mvua hata hilo lilikuwa la kubahatisha. Kufikia saa mbili usiku betri ya kamera ya mlangoni ilikuwa imekwisha. Ilizimika, ikaamka kesho yake jua likishapanda. Kamera ililala usiku na kukesha mchana, mzee alikesha usiku na kulala mchana, na tonton kule Butembo aliona nusu ile ambayo mmoja anafanya kazi na mwingine anakoroma. Alidhani kwamba usiku hakuna taarifa kwa sababu hakuna kinachotokea.

Ningeweza kumwambia palepale. Sentensi moja ilitosha. Nilifungua kinywa, nikaliona jedwali langu la safu kumi na moja, nikaona mafaktira ya depot, nikasema:

"Nitaangalia, tonton."

Niliendelea kuangalia siku kumi. Nilijieleza kwa namna nyingi, na nyingine zilikuwa na akili. Nikisema kamera ni mbovu, tonton atakasirika na atamfukuza mzee kwa hasira. Nikirekebisha kamera kwanza, ataona mwenyewe usiku, na hatahitaji maneno yangu. Kwa hiyo ni kwa faida ya mzee kwamba ninanyamaza. Ninawajua watu wanaowaza namna hii. Wengi wao wana vyeo.

Nilisogeza panneau kwenye bati la chumba cha mzee, waya haukufika. Nilitafuta waya mrefu mji mzima, na yule muuzaji aliyeapa akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini ninataka waya kwa kamera isiyo na waya. Nilipunguza ubora wa picha hadi bata wakawa mawe meupe. Betri ikafika saa mbili na robo.

Jumanne tonton akatoa hukumu. "Muzee atoke. Jumamosi awe ametoka. Kamera inatosha. Chumba chake nitatia mifuko ya chumvi. Weye ndiye utamwambia, kwa sababu tantine yako atalia."

Tantine hakulia. Nilipomwambia, nyuma ya jiko, aliendelea kukoroga pondu, kisamvu chetu.

"Atakwenda wapi?"

"Sijui, tantine."

"Na usiku nani atazunguka?"

"Kamera."

Akanitazama. Sikuweza kuvumilia, nikamtazama bata.

Jumatano sikumwambia mzee kwa sababu ilinyesha. Alhamisi mchana sikumwambia kwa sababu alikuwa amelala, na mtu hamwamshi mtu kwa habari kama hiyo. Jioni, kama saa kumi na mbili, nilikuwa chumbani nikibadilisha tena mipangilio, nikitafuta kitu cha kuzima ili betri ifike mbali. Nilifungua ukurasa wa sauti kuhakikisha imezimwa. Nikabonyeza vibaya, ikawaka.

Vieux alikuwa amesimama mbele ya kamera. Nilikuwa nimeshamwona hivyo mara nyingi bila sauti, saa ileile, koti limefungwa vifungo vyote, midomo ikicheza, na nilidhani anasali au anatafuna kitu. Sasa nilimsikia. Alipiga kisigino.

"Jioni njema, patron. Ninaingia kazi. Mulango nimefunga na munyororo. Kisima nimefunika. Mama iko, mademoiselle iko, bata wako saba, wa nane mama alimupika Jumapili ile, si mwizi. Leo mvua hainyeshe. Kamera za mademoiselle iko zinaona muzuri, usiku na mchana. Pole na safari, patron. Mungu akurudishe."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha akainama kidogo, akaenda kuchukua tochi yake.

Nilitoka bila viatu.

"Papa, unaongea na kamera?"

"Ninatoa raporo." Alinitazama kama anamweleza mtu wa kijiji. "Yangambi tulitoa kila jioni. Chef anasimama pale, weye unasimama hapa. Ninajua hii ni machine, mademoiselle, mimi si mujinga. Lakini patron iko ndani, hapana?"

"Tangu lini?"

"Tangu uliweka." Akafikicha kifungo cha juu. "Labda amekasirika. Hajajibu hata siku moja."

 Nikauliza lile lililokuwa limenichoma zaidi.

"Kwa nini umesema zinaona usiku?"

Vieux alicheka kwa pua. Akainua kidole kwenye ile taa ndogo nyekundu iliyo kando ya jicho la kamera.

"Hii inakufa saa mbili. Kila siku. Mimi ninazunguka hapa usiku muzima, nisione?"

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ni kazi yako ile." Alisema polepole, bila lawama yoyote. "Mutu anaanza kazi, kitu chake kinaharibika kidogo, mwenzake anamufunika. Utatengeneza. Mimi niko macho, haina shida."

Kwa hiyo kila jioni, kwa wiki tano, mzee huyu alisimama mbele ya mashine iliyokuwa ikimfukuza na kunitetea mimi niliyeitundika. Na mimi nilikuwa na amri mfukoni ya kumtoa, tangu Jumanne, nikijificha nyuma ya mvua. Nilimwambia hapo hapo yote: kulala kwake mchana, Jumamosi, mifuko ya chumvi. Alisikiliza akiwa amesimama wima. Mwishoni akauliza kitu kimoja tu.

"Patron anajua kwamba usiku silali?"

"Hajui."

"Basi mwambie hilo. Mengine ni yake."

Jumamosi tonton alipiga simu mapema. Alikuwa na watu. Nilisikia vicheko na vikombe. Tantine alikaa mbele yangu nyuma ya jiko, mikono magotini.

"Ametoka?"

"Tonton, kamera ya mlangoni inalala usiku."

"Inalala namna gani?"

"Betri inakwisha saa mbili. Inaamka asubuhi, jua likipanda."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Vikombe vilinyamaza, au yeye aliondoka mezani.

"Na lile jedwali?"

"Halikuwa na mti wa safu."

"Mama yangu! Miaka tano ya chuo, mutu hajui muti inaleta kivuli. Agronome!" Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya aliyosema ilikuwa sahihi. Kisha akapungua. "Donc usiku, nani anaangalia nyumba yangu?"

"Vieux."

"Nani tena?"

"Hakuna mwingine, tonton. Ndiyo maana analala mchana."

Tantine akanyakua simu. "Na mimi unijibu," alisema. "Wiki zote hizi unaangalia ukuta na chupi zangu. Huyu muzee ndiye mwanaume peke yake anatuchunga hapa. Ukimutoa, mimi na vitu vyangu tunakaa mulangoni na tochi, na unione vizuri kwa simu yako, weye na marafiki."

 Tonton alipojibu alikuwa amekwisha kuwa mfanyabiashara, anayetafuta njia ya kutoka sokoni bila kuonekana amepunguziwa bei.

"Bon. Muzee abaki. Lakini asilale mbele ya kamera. Watu wa hapa wanaona, wanacheka mimi. Wanasema sentineli ya mwenzetu ni maiti."

Hivyo ndivyo tulivyokuja kujua kosa la mzee. Hakuwa amelala kazini; alikuwa amelala mbele ya wageni wa Butembo. Kuhusu mimi na mafaktira ya depot, tonton alisema tutaona. Tuliona. Aliyeshika mafaktira hayo baadaye ni binamu yangu ambaye hajawahi kuchora jedwali lolote, na anayashika vizuri.

Vieux alihamisha mkeka wake nyuma ya jiko, kati ya makaa na bata, kwenye ile sehemu ya nyumba ambayo sote tulikuwa tumekwisha kuhamia. Tonton aliona mlango mtupu kutwa nzima, safi, bila mtu wala mkeka, akaniambia kwamba sasa usalama umekuwa sérieux. Wanawake wa avenyu waliendelea kuchota maji. Wakati mwingine waliipungia kamera mkono kwa ajili yangu, wakiuliza kama bwana ameonekana.

Sauti sikuizima tena, na nilimwambia tonton saa ya raporo. Mega ziliisha mapema, tantine akalipa bila kuuliza. Jumatatu saa kumi na mbili jioni nilisimama kando ya nguzo, nje ya jicho. Vieux alifunga kifungo cha juu, akapiga kisigino, akatoa raporo: mnyororo, kisima, mama, mademoiselle, bata saba. Spika ilikwaruza, na kutoka kwenye ile mashine ya Kichina ikatoka sauti ya tonton, ya mbali, yenye mafua ya milimani.

"Vieux. Mvua ilinyesha?"

Mzee alinyooka zaidi. Hakunitazama.

"Ilinyesha, patron. Saa saba."

"Bon. Kamera iko inaenda?"

"Kamera inakwenda kulala saa mbili, patron," Vieux akasema. "Mimi ninabaki."